Sehemu ya Kisu

Mtu akikuambia "huenda" mara moja, unamvumilia. Akirudia, unamtazama. Mimi nimeambiwa neno hilo na kila mwenye koti jeupe kati ya Gisenyi na Kigali, na siku hizi nikilisikia hata kwenye utabiri wa mvua, nazima redio.

Mume wangu Hamdani ni mchinjaji. Nasema "ni", sisemi "alikuwa", na nimegombana na watu wengi kwa ajili ya neno hilo dogo. Hapa mjini nyama inayoliwa na Waislamu na wasio Waislamu hupita chini ya kisu cha Muislamu, na kisu hicho kilikuwa chake, kama kilivyokuwa cha baba yake. Ukiitazama kazi yenyewe kwa mbali utadhani ni nguvu. Si nguvu. Ng'ombe analazwa, anaelekezwa kibla, jina la Mungu linatajwa, na kisu kinapita mara moja bila kuinuliwa. Mkono ukisita katikati, mnyama anateseka, na watu wanaanza kuulizana kama nyama ile ni ya kuliwa. Mkono wa Hamdani haukuwahi kusita, na mimi nilikuwa naringa nao sokoni kuliko yeye mwenyewe.

Corona ilimpata mwaka ule volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na ardhi ikatetemeka mpaka kuta za mtaa wetu zikaingia nyufa. Alilala, akakohoa, akapona. Wapo ambao hawakupona, kwa hiyo tulishukuru tukanyamaza. Kitu kimoja tu hakikurudi, nacho ni pua. Nilikaanga vitunguu mbele yake, nikafukiza udi, nikaunguza maharage makusudi. Hakusikia harufu yoyote. "Itarudia tu," akasema. Haikurudi, tukaizoea.

Kisha ukafuata mkono wa kulia. Kwanza kidole gumba kikawa kinacheza peke yake akikaa, kama anavuta tasbihi ambayo hana. Baadaye mkono wote ukaacha kupunga anapotembea. Hatua zikawa fupi, sauti ikashuka, uso ukakauka mpaka nikawa sijui kama amekasirika au anacheka moyoni. Nilimgombeza kwa ajili ya uso ule. Nani anataka kusimulia habari za sokoni kwa ukuta?

Akishika kitu, mtetemeko ulitulia kidogo, ndiyo maana alijidanganya kwa muda mrefu. Mpaka asubuhi moja pale machinjioni kisu kilisimama katikati ya shingo ya ng'ombe. Hakutetemeka. Alisimama tu, mkono umegoma, macho yanaomba. Byiringiro, mwenzake aliyefundishwa na yeye, alikichukua kisu akamaliza. Nyama ile waliibishania mpaka jua likawa kali.

Shehe alikuja nyumbani kwa upole, na upole wa namna hiyo mimi huuogopa kuliko matusi. Alisema Hamdani apumzike mpaka apone. Byiringiro atamshikia kisu. Ikifika Idi ya kuchinja, Hamdani akiweza, atachinja fahali wa kwanza mbele ya watu na kisu kitarudi kwake. Asipoweza, basi, kitabaki kwa Byiringiro moja kwa moja.

"Iko sawa," Hamdani akasema. Mimi sikuona usawa wowote.

Byiringiro hakuwa mtu mbaya, na hilo nalo liliniudhi, maana ningefurahi kupata wa kumchukia. Pale machinjioni wana desturi yao: maini ya mnyama wa kwanza wa siku ni ya aliyeshika kisu. Wanaiita sehemu ya kisu. Byiringiro alikataa kuila. Kila asubuhi aliyaleta maini hayo kwetu, yamefungwa kwenye jani la mgomba, ya moto bado. "Hii ni ya Muzee," anasema mlangoni. "Mi namushikia tu." Nami nilikuwa nayakaanga na vitunguu vingi, namwekea Hamdani sahani, nikijua kwamba maadamu sahani hii inakuja, kisu bado ni chake.

Sasa maneno. Hamdani alisikia kwamba maji ya moto yanayochemka ufukweni kule upande wa Rubona yanalainisha viungo, akawa anaenda kuuloweka mkono. Rubona ndiko kuliko kiwanda cha bia. Basi fikiria mwanaume anashuka kwenye basi dogo la kutoka Rubona, anayumba, ulimi mzito, macho hayapepesi. Mtaa haukuhitaji shahidi wa pili.

Jirani yangu Cansilde anauza mkaa, ukuta wake na wangu ni mmoja. Ni Mkristo mzuri, ananiazima sufuria, na mdomo wake hauna kifuniko. Aliniita pembeni.

"Mama Nadra, mi nakupenda, donc ndiyo maana nakuambia. Mutu akianza pombe akiwa muzee, inamumaliza mbio."

"Hamdani hajawahi kuonja pombe."

"Na ile mukono?"

"Ni corona ilimwachia."

"Corona ilikwisha zamani. Hata mi niliipata. Ona mukono yangu." Akaunyoosha mbele ya uso wangu, mweusi kwa mkaa, umetulia kama meza. Ningeweza kuung'ata.

Hospitalini hapakuwa na nafuu. Daktari wa kwanza aliniuliza, mgonjwa mwenyewe amekaa hapo hapo, "Anakunywa?" Nikauliza, anakunywa nini? Akasema pombe, mama. Nikamshika mume wangu mkono tukatoka. Wa pili alimpa vitamini na kumwambia apunguze mawazo, kana kwamba mawazo ni sukari ya chai. Binti yetu Nadra, anayefanya kazi Kigali, ndiye aliyetutafutia daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Daktari huyo alikulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka.

Huyo alimtazama kwa makini. Alimwambia afungue na kufunga vidole haraka, atembee kwenye korido ageuke, achore duara la kuzunguka kama konokono. Konokono wa Hamdani alikuwa mdogo kuliko punje ya maharage. Daktari akasema unaitwa ugonjwa wa Parkinson. Sehemu ya ubongo inayoendesha mwili inapungukiwa na kemikali yake, ndiyo maana mwili unakuwa mzito na mkono unatetemeka.

"Ni corona iliyoleta?" nikauliza. Nilikuwa nimesafiri njia nzima ya milima na swali hilo.

"Mama, corona inaweza kugusa ubongo. Kuna watu walianza kutetemeka au kuwa wazito baada ya kuugua, na watafiti wanalichunguza jambo hilo. Lakini ugonjwa huu huanza taratibu, miaka mingi kabla haujaonekana, na kupoteza harufu ni dalili ya yote mawili. Huenda corona iliuharakisha. Huenda ulikuwepo, corona ikaufunua tu. Na huenda havihusiani."

Huenda tatu kwa pumzi moja. Nilitaka jibu la kumpelekea Cansilde, yeye ananipa ukungu. Hamdani akanigusa goti nisiseme nililotaka kusema.

Tukapewa vidonge, mara tatu kwa siku. "Vikimchafua moyo," daktari akasema, "ale na kitu chepesi, hata biskuti."

Biskuti! Kwetu kila mtu anajua kwamba dawa kali inataka tumbo lenye kitu cha maana, la sivyo itakula mgonjwa badala ya ugonjwa. Mchinjaji mzima nimpe biskuti kama mtoto wa shule? Nilikuwa naweka kidonge pembeni ya sahani ya maini, na kingine namngojea mchana ashibe kwanza. Alimeza kwa utiifu. Na dawa haikufanya kitu. Wiki zikapita, mkono ule ule, hatua zile zile. Tukarudi Kigali, daktari akaongeza vidonge, hali ikabaki palepale. Akakunja uso. Akasema dawa hii ikikataa kabisa, huenda si Parkinson yenyewe, huenda ni kitu kingine kinachofanana nayo, na hicho hakina dawa nzuri.

Basi la kurudi lilipanda na kushuka mpaka likaanza kuteremka kuelekea ziwani kwetu. Nilikuwa na hasira na corona, na daktari, na milima, na mwanamke wa kiti cha mbele aliyekuwa anacheka kwenye simu. Hamdani aliegemea dirishani na uso wake wa ukuta, na kidole kikicheza.

Ramadhani ikaingia. Nilimwambia asifunge, ni mgonjwa, dini imemruhusu. Akakataa. Alisema wamemchukulia kisu, hawatamchukulia na swaumu. Kabla ya alfajiri akiamka tu alikuwa anameza kidonge kwa maji asije akasahau, anasali sala ya usiku, ndipo anakunywa uji wa daku. Magharibi anameza kingine kwa maji, anaenda msikitini, anarudi kufuturu. Kile cha mchana tukakiacha.

Siku chache tu, na asubuhi moja nikamsikia anafagia uwanja. Nilitoka na kanga ya kulalia. Mkono ulikuwa unapunga. Uso ulikuwa na mtu ndani yake. "Unaangalia nini?" akaniuliza, na alikuwa anatabasamu, tabasamu lenyewe, la zamani. Mchana alizima tena kama taa, tukasema ni njaa. Lakini asubuhi zote za mwezi ule zilikuwa zake. Alitoa visu vyake akavinoa. Msikitini wakasema ni baraka ya mwezi. Mimi nililia jikoni, nikasema Mungu amechoka na kelele zangu.

Cansilde naye aliona.

"Si nilikuambia?" akasema juu ya ukuta. "Mwezi ya kufunga hanywi, mukono imetulia. Mungu ni mukubwa."

Ndivyo uongo mzuri ulivyo, kila ukweli unaotokea unaushonea nguo mpya.

Mwezi ukaandama. Idi ndogo, Byiringiro akaleta maini makubwa kuliko yote, nami nikayakaanga kwa furaha. Siku ya pili nikayakaanga tena. Kabla wiki haijaisha kidole kilikuwa kinavuta tasbihi yake, na hatua zimekuwa fupi. Mtaani wakasema amerudia chupa. Nilimwuliza Hamdani, Mungu anisamehe, nilimwuliza kwa sauti ya juu, "Umefanya nini?" Kama vile yeye ndiye aliyeuficha mkono mzuri mahali fulani.

Nikampigia daktari simu. Sikumwamkia. Nilimwambia dawa yake inafanya kazi mwezi mtukufu tu, je, nayo imesilimu? Kwanza alinigombeza, na kwa haki, kwamba mgonjwa wa namna ile hafungi wala haruki dozi bila kuuliza. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza, yeye mwenyewe akiwemo.

"Mama, asubuhi anakula nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa majivuno, maini, nyama, supu ya kongoro, sisi si watu wa kumlaza mgonjwa njaa.

Nilimsikia akivuta pumzi. "Dawa hii na nyama vinapita mlango mmoja kuingia mwilini. Nyama ikitangulia kujaa mlangoni, dawa inabaki nje. Kwa wengine si sana. Kwa mume wako, inaelekea ni sana. Mpe tumbo likiwa tupu, kwa maji tu, nyama baadaye jioni. Nilipaswa kukuuliza mapema. Nisamehe."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni, sufuria ya maini mkononi. Miezi ile yote kila asubuhi heshima ya mume wangu ilikuwa inaletwa kwenye jani la mgomba, naikaanga kwa vitunguu, naiweka mbele ya dawa ifunge mlango. Sikujua nimkasirikie nani. Byiringiro kwa wema wake? Daktari kwa biskuti yake? Niliitupa sufuria kwenye karai la vyombo, Cansilde akauliza juu ya ukuta kama kuna mtu ameanguka.

Kuanzia hapo maini yalingoja jioni. Asubuhi zikaanza kurudi, na mchana pia kwa sehemu. Si zote. Zilikuwepo siku mbaya zisizo na sababu, na daktari alisema zitakuwepo, kwa kuwa dawa inasaidia haiponyi. Lakini mkono ukawa na saa zake nzuri, na sisi tukazijua.

Ikafika Idi ya kuchinja. Sunna ya siku hiyo ni kwamba mtu hali kitu mpaka arudi kutoka kwenye sala, aanze na nyama ya kichinjo. Tumbo tupu kwa amri ya dini. Nilisema safari hii dini na daktari wamekaa kiti kimoja, hakuna kitakachoharibika. Alimeza kidonge chake kwa maji, akavaa kanzu, tukaenda uwanjani.

Shehe akahutubia. Akamaliza jambo, akakumbuka lingine. Akamkaribisha mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima naye alikuwa na wageni wake wa heshima wa kuwashukuru. Mimi nimekaa safu za wanawake, nashika kichwa. Kidonge kina saa zake, hakijui itifaki. Tulipofika kwenye kuchinja, fahali hayupo. Alikuwa anatoka Bugeshi kwa lori, na lori lilikuwa limekwama kwenye matope ya kule juu. Watu wakatandika mikeka wakapiga soga. Nilimtazama Hamdani kwa mbali. Amesimama, mikono nyuma. Sikuweza kuuona ule wa kulia, na nilijua ameuficha mimi nisiuone.

Lori lilifika jua limeshapanda. Fahali mweusi, mnene. Wakamlaza. Hamdani akavua viatu, akapiga magoti, na nilipouona mkono wake unaenda kwenye kisu, kidole gumba kilikuwa kimeanza. Kidogo tu. Asiyemjua asingeona.

"Bismillahi, Allahu akbar."

Kisu kilipita mara moja.

Watu wakaitikia takbira. Nilikuwa nimeushika mkono wa mwanamke nisiyemfahamu, naye akaniambia kwa furaha ya kweli, "Alhamdulillahi, mama, anaonekana aliacha ile pombe." Nikauachia.

Walikuwepo mafahali wengine wawili wa kuchinjwa. Byiringiro alikuwa ameshakata kipande cha ini, akakibanika haraka kwenye makaa pamoja na vitunguu, akakileta kwenye sahani. "Muzee, sehemu ya kisu. Kula basi, ao ngoja tumalize?" Aliuliza hivyo kwa sababu nilimweleza mambo ya mlango. Hamdani akaitazama sahani, akautazama mkono wake. Akachukua ini akaliweka mdomoni. Akatafuna taratibu mbele ya watu wote, kisha akakifuta kisu na kumpa Byiringiro, mpini mbele.

Hasira iliyonipanda, sijui hata nilifikaje pale alipokuwa. Nilimvuta kanzu pembeni.

"Miezi yote hii nahangaika nacho, we unakigawa?"

"Nimeshachinja, Mama Nadra."

"Mmoja!"

"Mmoja muzuri." Sauti yake ilikuwa chini, nikainama nimsikie. "Mi nilitaka nikiache mwenyewe. Nisinyang'anywe. Ile mukono ilikuwa inakwisha, niliisikia. Ya pili ingesita."

Nilijua ana haki, na mtu mwenye haki wakati wewe una hasira ni mzigo.

Alasiri tukagawa nyama, na kwetu jirani hapitwi kwa sababu ya dini yake. Nilitaka kupeleka mwenyewe kwa Cansilde. Hamdani akakataa, akachukua sahani. Ini la asubuhi lilikuwa limeshafunga mlango, kidonge cha mchana kimebaki nje. Aliburuta mguu, sahani inagongana na kifuniko chake njia nzima, mimi nyuma yake. Watu wa barabarani walitupisha kwa adabu ile ile ya kumpisha mlevi.

Cansilde akafungua. Akaona sahani inavyocheza, akaona mguu, akaona ule uso.

"Yoo, Baba Nadra. Hata siku ya sikukuu?"

"Mnuse," nikasema.

"Nini?"

"Mnuse mdomo. Miezi yote hii unasema. Sogea umnuse."

Nilidhani ataona haya. Hakuona. Alisogeza uso wake karibu na wa mume wangu, akavuta pumzi, akavuta tena. Akarudi nyuma. Alitafuta pa kuyaweka macho yake, akayaweka kwenye sahani.

"Iko vitunguu," akasema polepole. "Iko ini na vitunguu."

Hamdani alikuwa bado amemnyooshea sahani, mkono unatetemeka, na ni mimi peke yangu, niliyeishi naye miaka yote, niliyejua kwamba nyuma ya ukuta ule anatabasamu.

"Vitunguu inanukaka namna gani?" akamwuliza. "Mi nilishasahau."

Cansilde alifunga mdomo wake usio na kifuniko. Akaipokea sahani kwa mikono miwili.